Oda Imejazwa, Programu Haijui

Asubuhi ya Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, Marekani, ilikuwa ikishughulikia oda ndogo 212 za wateja. Ndani ya dakika 45, programu yake ilirusha sokoni mamilioni ya oda na kununua na kuuza hisa zaidi ya milioni 397 za kampuni 154. Hasara ilipita dola milioni 460.

Chanzo kilikuwa hesabu. Mara nyingi oda haipelekwi sokoni kwa mkupuo. Programu huikata vipande. Kila kipande kikijazwa, yaani hisa zake zikinunuliwa au kuuzwa, soko hurudisha taarifa, nayo kaunta hujumlisha mpaka idadi aliyoagiza mteja itimie. Knight ilikuwa na msimbo ulioacha kutumika tangu 2003 lakini haukufutwa. Mwaka 2005 kaunta ilihamishiwa sehemu nyingine ya programu, na msimbo ule haukujaribiwa tena. Programu mpya ilipowekwa mwaka 2012, seva moja kati ya nane ilisahaulika. Amri iliyowasha kazi mpya kwenye seva saba ikaamsha msimbo wa zamani kwenye ya nane. Oda zilijazwa, lakini seva hiyo haikutambua, ikaendelea kutuma.

Yeyote anayeendesha programu ya biashara, hata yenye mtaji mdogo, azingatie hili: hisa ulizonazo ni zile soko lilizokujazia, si zile programu yako inazodhani unazo.

Basi hitilafu ikitokea, kwanza simamisha oda mpya na ufute zinazosubiri. Usianze kwa kukarabati huku mashine inafanya biashara. Mafundi wa Knight waliondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa sawa, na msimbo wa zamani ukaanza kufanya kazi huko nako.

Pili, linganisha daftari la programu na la dalali, oda kwa oda. Idadi iliyoagizwa lazima ilingane na jumla ya iliyojazwa, inayosubiri na iliyofutwa.

Tatu, tafuta mahali hesabu zilipoanza kuachana. Tuseme umeagiza hisa 500, zikajazwa 200, ukatuma ombi la kufuta. Kabla ombi halijafika, 100 zaidi zimejazwa. Programu iliyofunga oda mara tu ilipotuma ombi itaandika 200. Dalali anakuhesabia 300. Dawa ni kutofunga oda mpaka soko lithibitishe kuwa imefutwa. Mtandao ukikatika, taarifa inaweza kupotea, au ikaletwa tena mawasiliano yakirudi na kuhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo hifadhi namba ya utambulisho ya kila taarifa ya ujazaji, na usiihesabu zaidi ya mara moja. Ukiunganishwa upya, muulize dalali hali halisi kabla ya kutuma chochote.

Siku ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa Knight ulikuwa umetuma kwa wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu hiyo, na hazikufanyiwa kazi. Onyo lisilo na mwenyewe halimlindi mtu. Ulinganisho wa madaftari uachiwe mashine yenyewe, kila baada ya muda mfupi soko likiwa wazi, na tofauti isiyoelezeka izuie oda mpya papo hapo hadi mtu aikague.