KABLA YA KUNUNUA TREKTA, PIMA ROBOTA

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa ajua vema kwamba adui yake mkubwa si kupe wala mwizi, bali ni mwezi wa Februari. Malisho yamekauka, mito imepungua, na ng'ombe husimama langoni akimtazama mwenyewe. Aliyeweka akiba ya majani makavu hulala usingizi; asiyeweka hununua kwa bei yoyote atakayotajiwa. Jambo hili lilionekana wazi katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya hata mwanzo wa mwaka 2023, na mifugo wengi mno wakafa.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa Nyandarua, Nakuru na Uasin Gishu sasa hupanda majani aina ya Boma Rhodes, huyakata yanapoanza kutoa maua, huyaanika, kisha huyafunga marobota kwa mashine. Hapo ndipo swali hutokea: je, robota litainuliwa na nani? Na hapo ndipo wengine hukimbilia kununua trekta ndogo kabla ya kufanya hesabu. Nataka kuwaeleza wasomaji hesabu hiyo, maana nimeona kwa macho yangu gharama ya kutoifanya.

Kaka yangu mkubwa hufuga ng'ombe kumi katika shamba lenye mteremko huko Nyandarua. Alichukua mkopo, akanunua trekta ya nguvu za farasi 25 yenye mikono ya kuinulia mbele. Muuzaji alimwambia kwamba mikono ile huinua kilo 400. Robota la kwanza alilonunua lilikuwa la duara, kubwa, na jirani alilikisia kuwa kilo 350. Kaka akaona kwamba kilo 50 zimebaki, akalichoma robota kwa mkuki wa chuma, akaliinua juu kiasi cha kuona njia chini yake, akaanza kuteremka. Magurudumu ya nyuma yakapoteza ardhi. Breki za trekta ile zilikuwa katika magurudumu ya nyuma tu, basi kukanyaga breki kulikuwa kama kukanyaga hewa. Trekta iliteleza hadi mtaroni. Kibarua aliyekuwa mbele akimwongoza kwa mikono alivunjika mguu, na ekseli ya mbele ikapinda. Mkopo haukupinda, ulilipwa kila mwezi kama ulivyoandikwa.

Jioni ile kaka aliniletea kitabu kilichokuja na trekta, kwa kuwa mimi ni karani na nimezoea maandishi madogo. Katika jedwali moja, kurasa za mwisho, tuliona kwamba zile kilo 400 zimepimwa kwenye pini za ncha ya mikono, wala si katikati ya mzigo. Muuzaji hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli, nasi hatukuuliza nusu ya pili.

Basi tuanze na robota lenyewe, maana ndilo bwana na trekta ni mtumishi wake. Robota dogo la pembe nne, kama yale yanayouzwa kando ya barabara zetu, kwa kawaida huwa na kilo 12 hadi 20. Hilo mtu mzima hulibeba begani, na mwenye ng'ombe watatu hana haja ya trekta ya kuliinua. Robota la duara ni jambo jingine. Lenye kipenyo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.2 lina ujazo wa karibu mita 1.36 za mraba mara tatu, yaani kubiki. Ikiwa kila kubiki moja ya majani makavu yaliyobanwa ina kilo 150 hadi 200, robota hilo litakuwa na kilo 200 hadi 270. Lakini ongeza kipenyo kidogo tu, kiwe mita 1.5, nalo litafika kilo 320 hadi 425. Jicho huona tofauti ya shubiri moja na nusu; mizani huona zaidi ya nusu ya mzigo kuongezeka. Na kama majani yamefungwa yangali mabichi ndani ya karatasi ya plastiki ili yachachuke, robota la ukubwa ule ule laweza kuwa na uzito mara mbili au zaidi. Kwa hiyo usikisie. Peleka robota moja kwenye mizani ya kinu au ya chama cha ushirika, ulipime.

Pili, fahamu nguvu ya umbali. Kila mtu aliyebeba ndoo ya maji ajua kwamba ndoo iliyo karibu na mwili ni nyepesi kuliko ile iliyonyoshewa mkono. Mikono ya trekta ni vivyo hivyo. Kitovu cha uzito wa robota la duara huwa nusu mita au zaidi mbele ya pini, na hapo uwezo wa kuinua hupungua sana. Tena uwezo hupungua kadiri mikono inavyopanda juu. Zaidi ya hayo mkuki na fremu yake nao ni mzigo, nao watolewa katika hesabu kabla ya robota. Muulize muuzaji maneno haya: "Trekta hii yainua kilo ngapi, nusu mita mbele ya pini, mikono ikiwa imefika juu kabisa?" Akikujibu kwa kitabu, msikilize. Akikujibu kwa kinywa tu, nenda kwingine. Na hata ukipata jibu, usipange kubeba zaidi ya robo tatu ya uwezo huo, maana shimo moja la njiani huufanya mzigo uruke na kuwa mzito kwa ghafula.

Tatu, kuinua si kubeba. Mafuta ya pampu yaweza kuwa na nguvu ya kupandisha robota, ilhali trekta yenyewe haina uzito wa kulistahimili. Tuchukue mfano rahisi. Tuseme trekta pamoja na mikono yake ina kilo 1,500, na kati ya hizo 700 zakaa juu ya magurudumu ya mbele na 800 juu ya magurudumu ya nyuma. Urefu kati ya ekseli mbili ni mita 1.5. Robota na mkuki wake ni kilo 420, na kitovu chake ki mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Hapo kila kilo moja ya mzigo huondoa kilo moja nyuma, na huongeza kilo mbili mbele. Nyuma zitabaki kilo 380 tu, na mbele zitakuwa 1,540. Ekseli ndogo ya mbele yalia, na breki za nyuma hazina cha kushika. Sasa tundika nyuma kizito cha kilo 300, mita moja nyuma ya ekseli. Nyuma zitapanda kuwa 880, na mbele zitashuka hadi 1,340. Trekta ni ile ile na robota ni lile lile, lakini dereva ataweza kusimama anapotaka. Kizito hicho chaweza kuwa sanduku la chuma lenye mawe au saruji. Wengine huongeza maji katika matairi ya nyuma, kila lita ikiwa kilo moja. Kaka yangu hakuwa na kimoja wala kingine.

Hata hivyo, yafaa kuangalia kama magurudumu ya mbele yameruhusiwa kubeba kilo hizo 1,340. Jedwali la kitabu husema. Kama hayakuruhusiwa, trekta hiyo si ya robota hilo, na kizito cha nyuma hakiwezi kuiponya.

Nne, wengi husahau kwamba trekta ina mgongo. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeupa ulimwengu ule mpango wa viungo vitatu vya nyuma vinavyoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956, ilizidi 500,000 kwa hesabu, ingawa injini yake haikufika nguvu za farasi 30. Viungo hivyo hivyo vyaweza kufungiwa mkuki wa robota. Katika mfano wetu, robota likibebwa nyuma, mita 1.5 kutoka ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hubaki na kilo 280. Kanuni njema ni kwamba mbele pasipungue sehemu moja kwa tano ya uzito wa trekta tupu, ili usukani upate kutii. Sehemu hiyo hapa ni kilo 300. Kwa hiyo chuma kidogo mbele ya pua ya trekta chatosha kukamilisha. Mwenye kuhamisha robota kutoka shamba hadi zizini, bila kulipandisha juu ya lingine wala ndani ya lori, hana haja ya mikono ya mbele. Mkuki wa nyuma ni rahisi zaidi kwa bei, na huweka mzigo juu ya magurudumu makubwa. Anayepakia lori ndiye mwenye haja ya mikono.

Tano, mteremko. Robota la duara ni gurudumu lisilo na breki. Mwaka 2010 huko Devon, Uingereza, robota la uzito wa kilo 600 hivi liliviringika kutoka shamba la kilimani likaangukia gari barabarani, likamwua mwanamuziki Mike Edwards, aliyepata kupiga chelo katika kundi la Electric Light Orchestra. Yeye hakuwa mkulima; alikuwa akipita njia. Kwa hiyo marobota yawekwe ubavu kwa mteremko, yasiweze kuviringika. Mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi, wala usiinuliwe hadi umefika mahali pake. Robota lililoinuliwa juu bila kizuizi laweza kuviringika juu ya mikono na kumshukia dereva kitini. Mtu asisimame mbele ya mzigo wala chini yake, na watoto wakae nyumbani. Tia magurudumu yote manne kazini kabla ya kuteremka, maana ndivyo magurudumu ya mbele yatakavyosaidia kuzuia. Hakikisha trekta ina upinde wa chuma wa kumkinga dereva, na mkanda wa kiti ufungwe. Uswidi iliweka sheria ya kinga hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959; hapana sababu sisi tuione kuwa anasa.

Mwisho, hesabu ya mfuko. Ng'ombe wa kilo 400 anayelishwa majani makavu peke yake atakula kilo 10 hivi kwa siku. Robota la kilo 200 litamtosha siku 20, na ng'ombe kumi watalimaliza kwa siku mbili. Trekta itakayoinua robota moja kila siku ya pili, kisha ikasimama bandani, yala mkopo kuliko ng'ombe walavyo majani. Lazima iwe na kazi nyingine: kulima, kukata majani, kuvuta mkokoteni, kuchota samadi. Kama hazipo, wakulima wanne au watano wenye kuaminiana wanunue moja iliyo nzito ya kutosha, waandike daftari la saa na mafuta, na kila mmoja ajue zamu yake. Kabla ya kulipa, ulizeni pia kama vipuri vyapatikana mji ulio karibu, na kama kuna fundi anayeifahamu. Tena ombeni muuzaji aje na trekta shambani, ainue robota lenu, juu ya mteremko wenu, mkitazama mkiwa mbali.

Kaka yangu hakuiuza trekta yake. Ekseli ilitengenezwa, na sasa hununua marobota madogo ambayo watu hupakia mkokoteni kwa mikono, nayo trekta huyavuta bila shida. Marobota makubwa, akiyapata kwa bei njema, huletwa na trekta ya jirani yenye uzito mara mbili ya yake, naye hulipa kwa samadi. Yule kibarua alipona, lakini huchechemea, hasa asubuhi za baridi. Bado yu kazini hapo. Amepewa kazi ya kupima: hakuna robota liingialo langoni kabla hajaliweka juu ya mizani na kuandika kilo zake kwa chaki ukutani. Nilipokwenda mwezi uliopita nilikuta ukuta umejaa tarakimu, na mwenyewe amesimama kando yake, chaki mkononi, akimkatalia dereva wa lori aliyesema kwamba robota lake lajulikana na halina haja ya kupimwa.