Pikipiki Ikinywa Petroli Kupita Kiasi

Ikiwa nyumbani kwako kuna pikipiki, huenda maneno haya umekwisha kuyasikia: "Jana nimeweka lita mbili, leo tangi ni tupu. Petroli imekwenda wapi?" Katika vijiji vyetu vya mlimani, tangu Machame mpaka Rombo, pikipiki siku hizi ndiyo miguu ya nyumba. Hupeleka maziwa, hushusha mikungu ya ndizi sokoni, hupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na pengine usiku wa manane humpeleka mgonjwa hospitali. Wengi wameinunua kwa fedha ya ng'ombe aliyeuzwa, au kwa mkopo wa kikundi, kisha wakamkabidhi kijana wa nyumbani aiendeshe. Basi petroli ikianza kupotea bila sababu kuonekana, haipotei peke yake. Amani ya nyumba hupotea pamoja nayo.

Nayajua haya kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Tulipatana na mpwa wangu ya kuwa petroli nitatoa mimi, naye ataniletea mapato yote ya kutwa, na kila Jumamosi nitampa fungu lake. Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha lita zilizokuwa zikitosha siku mbili zikawa haziishi hata kwa siku moja na nusu, zimekwisha kabla. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mjomba, mlima ndio unaokunywa, si mimi." Nilidhani ananidhihaki, maana mlima haukuzaliwa juzi. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba anaiuza petroli yangu kwa chupa. Kijana aliweka ufunguo mezani, akatoka, wala hakurudi kula chakula cha jioni.

Kesho yake niliipeleka pikipiki kwa fundi mmoja mzee. Hakushika spana. Aliniuliza tu, "Karani, wewe waandika kila kitu. Je, hii nayo umeiandika?" Sikuwa na jibu.

Pima kwanza

Hapo ndipo shida inapoanza katika nyumba nyingi. Twasema pikipiki "inakula sana", lakini hatujui inakula kiasi gani. Kupima si kazi ngumu. Simamisha pikipiki wima mahali palipo tambarare, ujaze tangi mpaka alama unayoweza kuikumbuka. Andika kilometa zinazoonekana katika saa ya mwendo. Endesha siku tatu au nne kama kawaida, kisha rudi palepale, ujaze mpaka alama ileile, na uandike lita zilizoingia. Gawanya kilometa kwa lita. Ukienda kilometa 120 kwa lita 3, ni kilometa 40 kwa lita moja.

Sharti safari zako ziwe za kwenda na kurudi. Ukipima wakati wa kupanda tu, utaogopa bure. Ukipima wakati wa kushuka tu, utafurahi bure. Pikipiki ya cc 125 iliyo nzima, ikiwa na mtu mmoja katika barabara ya tambarare kama ile ya Moshi hadi Himo, huweza kwenda kilometa 45 au zaidi kwa lita moja. Ikibeba mizigo mlimani, itapungua.

Tena angalia unanunua wapi. Chupa ya kando ya njia huenda isiwe lita kamili, na hujui kilichomo. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli kulikuwa janga kubwa katika nchi yetu, hata mwaka 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba katika mafuta ili wadanganyifu wagunduliwe. Nunua kituoni, tazama pampu ianzie sifuri, uchukue risiti. Ukishuku kipimo cha pampu, kazi ya kuikagua ni ya Wakala wa Vipimo.

Mlima wakunywa kweli

Nilipofanya hesabu niliona ya kuwa kijana hakusema uongo mtupu. Pikipiki, mwendeshaji na abiria mmoja pamoja huweza kufika kilo 250. Kuuinua uzito huo meta 500 juu, kwa injini hizi ndogo, hutaka yapata sehemu moja ya tano ya lita, mbali na petroli ya kuusogeza mbele. Na anayepanda kutoka Himo mpaka vijiji vya juu vya Marangu au Kilema hupanda zaidi ya hapo. Ukibeba watu "mshikaki", au gunia la majani mabichi, hesabu yazidi. Wala ukishuka hurudishiwi petroli hiyo. Yageuka kuwa joto la breki.

Kuna jambo la pili. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Katika kila meta 1,000 hupungua yapata sehemu moja katika kumi. Lakini kabureta haijui kuwa imefika mlimani. Yaendelea kutoa petroli kama ilivyotengenezwa, na hewa ni kidogo. Petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Hutoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, karibu na bahari, yaweza kuhitaji kurekebishwa tena kidogo ikiwa kazi yake yote ni huku juu. Pikipiki chache mpya hazina kabureta. Zina kompyuta ndogo inayopima petroli yenyewe. Hizo usizichokonoe.

Lakini mlima haubadiliki. Ikiwa mwezi uliopita ulikwenda kilometa 45 na mwezi huu ni 31 kwa njia zilezile, usiulaumu mlima, wala usimlaumu mtu. Tafuta, ukianza na yale yasiyotaka fedha.

Yasiyotaka fedha

Kwanza, upepo wa matairi. Tairi legevu hulalia barabara kama mtu mchovu, na injini yalazimika kulivuta. Pima upepo tairi likiwa baridi, ufuate kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake.

Pili, breki. Inua gurudumu la nyuma, uweke gia huru, ulizungushe kwa mkono. Halafu fanya hivyo kwa gurudumu la mbele. Likisimama upesi au likikwaruza, breki inashika wakati wote. Wakati wa masika matope hukauka ndani ya ngoma ya breki, na kamba au fimbo yake hushika kutu. Njia nyingine ni kusogeza mkono karibu na kitovu cha gurudumu baada ya safari ya tambarare ambayo hukufunga breki sana. Kikiwa cha moto, umempata mwizi.

Tatu, cheni. Isikaze kama waya wa ngoma, wala isilegee ikapiga kelele. Kwa kawaida hutakiwa kucheza sentimeta 2 mpaka 3 katikati. Isafishe vumbi na uipake oili.

Nne, choki. Asubuhi za Juni na Julai huku juu ni baridi kali, na kijana huivuta choki ili injini iwake. Akiisahau, hutembea kutwa nzima akimimina petroli. Irudishwe mara injini ikipata moto.

Tano, harufu. Ukinusa petroli pikipiki ikiwa imesimama, tazama chini ya kabureta na kwenye mipira ya petroli. Tone moja moja la usiku kucha si dogo. Tafadhali usitafute kwa kibatari wala sigara mkononi, wala usiilaze pikipiki inayovuja karibu na mafiga.

Yanayotaka fedha kidogo

Chujio la hewa lafuata. Vumbi la kiangazi la tambarare hulijaza upesi, na injini isiyopata hewa hunywa petroli bure. Chujio la sponji laoshwa kwa maji ya sabuni, lakaushwa vizuri, kisha lapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, hubadilishwa. Wako wanaoliondoa kabisa wakidhani watapunguza matumizi. Hao wameingiza vumbi katika silinda, nalo litasaga ringi na pistoni, na gharama yake hushinda petroli ya miezi mingi.

Kisha fungua plagi uitazame. Ncha yenye rangi ya udongo wa kahawia ni njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa: rudi kwenye choki, chujio, na kabureta. Ikiwa mbichi kwa oili, huenda ringi zimechoka.

Angalia na klachi. Ikiwa mlimani injini yalia sana na pikipiki haiendi kwa kadiri ya mlio wake, klachi inateleza. Pengine kamba yake imekazwa mno, na kuilegeza ni kazi ya dakika tano. Kabureta yenyewe mwachie fundi unayemwamini. Usikubali matundu yake yachokonolewe kwa waya, maana tundu likipanuka kidogo tu, petroli itazidi daima.

Na mkono wa mwendeshaji? Huo nao una sehemu yake. Kuvuta mafuta ghafula, kupanda mlima na gia kubwa injini ikigugumia, kuiacha ikiunguruma huku mtu akiongea dukani, yote hayo hula. Lakini wakati wa kushuka usizime injini ili kubana petroli. Injini husaidia kuzuia mwendo. Ukiizima, mzigo wote wabaki juu ya breki, nazo zikipata moto sana katika mteremko mrefu huacha kushika. Hakuna petroli yenye thamani ya mguu wa mtu.

Tulichokipata

Nilifuata ushauri wa fundi. Siku tatu niliendesha mwenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, usiku pikipiki ikilala chumbani kwangu. Kilometa 124, lita 4. Yaani kilometa 31 kwa lita moja. Hakuna mtu aliyeigusa, na petroli ilipotea vilevile.

Nilipoinua gurudumu la nyuma, halikumaliza hata mzunguko mmoja. Ngoma ya breki ilijaa matope makavu. Chujio la hewa lilikuwa jekundu kama udongo wa njiani. Tulisafisha breki, tukanunua chujio jipya, tukajaza upepo. Juma lililofuata nilipima tena kwa njia zilezile: kilometa 138, lita 3. Kilometa 46 kwa lita moja.

Nilimwita mpwa wangu. Kwa kuwa nilimwita mwizi mbele ya mama yake, nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Mjomba, na zile siku ambazo sikula nyumbani?" Sina kipimo cha kuzipima siku hizo.

Sasa ukutani petu pametundikwa daftari la kurasa 48 na kalamu kwa uzi. Kila anayejaza petroli huandika tarehe, kilometa na lita. Mimi naandika, na kijana anaandika. Hesabu ikishuka, hatuulizani nani ameiba. Twainua gurudumu la nyuma.