Mbao ya "Mbili kwa Nne" Ina Inchi Ngapi?

Mwezi huu tuongee juu ya mbao. Hapa Kabeza, kama kule kambini, wengi tunajenga kidogo kidogo: huyu anatengeneza mlango, yule anaongeza jiko, mwingine anabadilisha paa lililoliwa na mchwa. Pesa tunayompelekea muuza mbao, iwe Agakiriro ya Gisozi au depo ya karibu, ni ya kuhesabu. Basi tujue tunanunua nini.

Mtu anaagiza "mbili kwa nne", yaani unene inchi 2, upana inchi 4. Inchi moja ni milimita 25 na kidogo, kwa hiyo anategemea milimita 50 kwa 100. Akifika nyumbani na kupima, anakuta 45 kwa 95, au hata 40 kwa 90. Hapo anasema, "Nimeibiwa!" Mara nyingine ni kweli. Lakini si kila mara, kwa sababu "mbili kwa nne" ni jina tu. Kipimo halisi kinapungua kwa njia tatu:

1. Msumeno. Kila unapopita, meno yake yanakula milimita kadhaa za mti na kuzigeuza unga.

2. Kukauka. Mbao mbichi imejaa maji. Ikikauka inasinyaa kwa unene na upana. Urefu haubadiliki sana. Mkaratusi, ile inturusu yetu, husinyaa kuliko msonobari.

3. Randa. Kulainisha kila upande kunaondoa milimita nyingine.

Hata ndugu zetu waliohamia Marekani wanakuta mambo hayo hayo. "Mbili kwa nne" ya dukani kule, kavu na iliyopigwa randa, ina milimita 38 kwa 89. Ila kule kipimo hicho kimewekwa na kanuni, kila duka ni kilekile. Huku kinategemea aliyepasua, ndiyo maana lazima upime mwenyewe.

Milimita kumi ni kitu gani, utauliza? Tuseme unafunga ukuta wa mita 3 kwa mbao za inchi 6. Kwa hesabu ya jina, kila mbao inafunika milimita 150, unanunua 20. Kumbe upana halisi ni 140: zinatakiwa 22. Zile mbili zilizokosekana ni safari nyingine na pesa nyingine, na fundi amekaa bure anangoja.

Kwenye paa ni hatari zaidi. Mbao ya 40 kwa 90 ikisimamishwa kwa ubavu, nguvu yake ya kubeba ni kama theluthi mbili tu ya ile ya 50 kwa 100 ya mti uleule. Ukiacha nafasi zilezile kati ya mbao, paa linaweza kulegea, na chini yake wanalala watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

- Nenda na mita yako. Pima unene na upana mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Andika kile kidogo kabisa.
- Uliza: "Hiki ni kipimo cha msumeno au cha baada ya randa? Ni mbichi au kavu?"
- Mpe fundi vipimo halisi kwa milimita, apige hesabu kwa hivyo, si kwa jina.
- Nunua zote siku moja, mahali pamoja, zifanane. Ukichanganya, mabati hayatalala sawa.
- Mbao ikiwa nyembamba, patana upya bei, au mwambie fundi asogeze mbao za paa karibu karibu.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukipima. Akikukataza kupima, mama, baba, beba pesa yako uende kwa jirani yake.

Haya, kazi njema, na tukutane mwezi ujao.