Kitabu Kilichopotea Rafuni: Utambuzi kwa Mawimbi ya Redio na Hazina za Maktaba

Kitabu kilichorudishwa kwenye rafu isiyo yake hakina tofauti kubwa na kilichoibiwa. Katalogi hudai kipo, msomaji hakioni, na mkutubi hana la kumwambia mpaka rafu zote zipitiwe. Adha hii ni miongoni mwa sababu zilizozielekeza maktaba kwenye utambuzi kwa mawimbi ya redio. Maktaba za umma za Singapore zilianza kuujaribu mwaka 1998.

Msingi wake ni lebo nyembamba (neno hili lafaa kuliko kitambulisho, ambacho tayari ni kadi ya mtu) yenye chipu na antena, inayobandikwa ndani ya jalada. Lebo haina betri. Kifaa cha kusomea hutoa mawimbi, aghalabu ya megahezi 13.56, antena huyanasa, chipu hupata nguvu na kujibu kwa kutaja namba yake. Tofauti na msimbo wa mistari, lebo haihitaji kuonekana. Mkutubi hupitisha kifaa mbele ya migongo ya vitabu, na kompyuta humwonyesha kipi kimekaa pasipo pake. Kwenye meza ya kuazimia, vitabu kadhaa husomwa kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo, mawimbi hayo hudhoofishwa na chuma, na lebo zinapokaribiana mno huzuiana. Jambo hili lina uzito kwa fasihi ya Kiswahili, ambayo sehemu yake kubwa ni diwani na vijitabu vya kurasa chache vinavyobanana rafuni. Faragha nayo imo hatarini. Mwaka 2004, David Molnar na David Wagner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba hata namba tupu yaweza kutumiwa kufuatilia kitabu, na hivyo mwenye kukibeba. Kwa hiyo jina la mwazimaji lisiwekwe kamwe katika lebo.

Gumu zaidi ni suala la miswada. Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970 iliorodhesha hati za Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda, zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Karatasi kuukuu za namna hiyo hazifai kubandikwa gundi. Lebo hapana budi iwekwe kwenye kasha. Hapo mashine huthibitisha kuwapo kwa kasha, wala si kwa hati iliyomo, na kuhesabu kurasa kunabaki kazi ya mikono.

Tena lebo hubeba namba tu. Maana ya namba hutoka katika katalogi. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hati za Kiarabu hunukuliwa kwa tahajia zinazohitilafiana. Nakala mbili za utendi huohuo zikiorodheshwa kama kazi mbili tofauti, kifaa kitazikuta zote mahali pake na kutoa taarifa kwamba hakuna kasoro.