Rebmann: Jina la mkulima wa mizabibu lililopita Ndara hadi kwenye theluji ya Kilimanjaro

Msafiri anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi, akishapita Maungu na kuukaribia mji wa Voi, huona upande wake wa kushoto mlima mrefu uliosimama peke yake katika nyika. Leo mlima huo hujulikana na wengi kama Sagalla. Katika vitabu na ramani za karne ya 19 uliitwa Ndara, na jina hilo bado linatumika katika maeneo yaliyo karibu na Voi na Maungu.

Ndara ilikuwa mojawapo ya alama kuu za njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda nchi ya Wachaga. Upande wa kusini-mashariki ulisimama mlima Kasigau, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kadiaro, na upande wa magharibi vilionekana vilima vya Bura na Dawida. Kati ya milima hiyo ndipo alipopita, mwaka 1848, Mjerumani mmoja aliyekuwa na jina la ukoo lisilo la kawaida hata nchini mwake. Jina hilo ni Rebmann.

Johannes Rebmann anatajwa katika vitabu vya historia vya Kenya na Tanzania kama Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Hata hivyo, ni wachache wanaojua maana ya jina lake, lilikotoka, na kwa nini halikuacha ukoo wowote Afrika Mashariki licha ya mwenyewe kuishi hapa kwa miaka 29.

MAANA YA JINA

Rebmann, ambalo kwa Kijerumani hutamkwa karibu na "Repman", ni jina lililounganishwa kwa maneno mawili. "Rebe" ni mzabibu, na "Mann" ni mtu au mwanamume. Kwa hiyo Rebmann ni mtu wa mizabibu, yaani mkulima anayepanda, kupogoa na kuvuna zabibu za kutengenezea mvinyo.

Majina ya ukoo ya Wajerumani yalianza kushika mizizi kati ya karne ya 12 na ya 15. Kabla ya hapo mtu alijulikana kwa jina lake moja tu. Miji ilipokua, kila mtaa ukawa na akina Johannes na Heinrich wengi, na waandishi wa kodi na wa mashamba wakalazimika kuongeza neno la kuwatofautisha. Wengine walipewa jina la baba, wengine la kijiji walikotoka, wengine la umbo au tabia, na wengi wakaitwa kwa kazi zao.

Ndiyo maana majina yanayoongoza kwa wingi nchini Ujerumani ni ya kazi. Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshonaji na Fischer ni mvuvi. Kila kijiji kilihitaji kinu na kiwanda cha mhunzi, hivyo majina hayo yalizuka kila mahali kwa wakati mmoja.

Rebmann halikuweza kuenea namna hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mizabibu haikui kila mahali katika nchi yenye baridi kali. Inahitaji miteremko inayopata jua, hasa kandokando ya mito ya kusini na magharibi kama Rhine, Neckar, Main na Moselle.

Pili, hata katika maeneo hayo mkulima wa zabibu hakuitwa kwa neno moja. Pande za Rhine na Moselle aliitwa "Winzer". Katika jimbo la Franken aliitwa "Häcker", kutokana na kazi ya kulima kwa jembe. Huko Austria aliitwa "Hauer", na katika sehemu nyingi za Württemberg aliitwa "Weingärtner". Neno "Rebmann" lilitumika zaidi kusini-magharibi, katika nchi za Baden, Swabia, Alsace na sehemu za Uswisi zinazozungumza Kijerumani.

Basi kazi moja iligawanyika katika majina mengi, na kila jina likabaki na eneo lake. Hadi leo walio na jina la Rebmann wanapatikana zaidi katika pembe hiyo ya kusini-magharibi kuliko penginepo. Waliohamia Marekani aghalabu walipunguza herufi moja ya mwisho, na hata vitabu vya Kiingereza kuhusu Afrika Mashariki mara nyingi humwandika mmisionari huyo kama "Rebman".

WENGINE WALIOLIBEBA

Ingawa ni jina la watu wachache, limejitokeza katika historia zaidi ya mara moja. Huko Uswisi, karibu na Bern, aliishi mchungaji Hans Rudolf Rebmann, aliyezaliwa mwaka 1566 na kufariki mwaka 1605. Kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa enzi hiyo, jina la familia yake liligeuzwa kuwa Ampelander, kutokana na neno la Kigiriki la mzabibu. Utenzi wake mrefu, uliochapishwa mwaka 1606, ni mazungumzo ya milima miwili ya nchi yake, Niesen na Stockhorn. Hivyo karne mbili na nusu kabla ya Kilimanjaro, tayari kulikuwa na Rebmann aliyeandika habari za milima.

Mwingine ni Georg Friedrich Rebmann, aliyeishi kati ya 1768 na 1824, mwandishi wa siasa aliyeunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa. Katika karne ya 20 alijulikana Kurt Rebmann, mzaliwa wa Heilbronn, mji wenye mashamba ya mizabibu, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali ya shirikisho la Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1977.

KUTOKA GERLINGEN HADI TAITA

Johannes Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 huko Gerlingen, karibu na Stuttgart. Huko miteremko ya mizabibu ipo hadi leo, kwa hiyo jina lake na mahali alipozaliwa vilikubaliana. Baada ya masomo ya umisionari mjini Basel aliajiriwa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, CMS, na mwaka 1846 akafika Mombasa kumsaidia Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf. Wawili hao walianzisha kituo chao Rabai.

Oktoba 1847 Rebmann alifunga safari ya kwenda Kadiaro, na huo ndio mwanzo wa jina lake kuingia katika habari za Taita. Aprili 27, 1848 aliondoka tena Rabai, safari hii akielekea nchi ya Wachaga. Msafara ulikuwa mdogo: wapagazi wachache na kiongozi Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Silaha ya mmisionari, kama ilivyosimuliwa baadaye, ilikuwa mwavuli tu.

Njia iliwapitisha katika nyika kame ya Taru, kisha Maungu, kati ya Kadiaro na Ndara, hadi Bura. Leo mtu huweza kufika Voi kutoka Mombasa kwa saa chache, na kutoka Voi kuna barabara ya lami inayokwenda Taveta. Wakati ule safari hiyo ilikuwa ya siku nyingi, na uhai wa msafara ulitegemea kiongozi aliyejua penye maji na aliyeelewana na wenyeji wa milima.

Asubuhi ya Mei 11, 1848, walipokuwa wameipita Bura kuelekea Taveta, Rebmann aliona juu ya mlima wa mbali kitu cheupe kama wingu. Alimwuliza kiongozi wake ni nini. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akatambua mara moja kwamba weupe ule ulikuwa theluji.

JINA LADHIHAKIWA

Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la CMS mjini London, na badala ya sifa ikamletea kejeli. Msomi wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga sehemu hizi, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta na kwamba mmisionari alidanganywa na macho yake. Krapf alipoandika kwamba Desemba 1849 aliuona mlima Kenya nao ukiwa na theluji, ubishi ulizidi.

Ukweli ulithibitishwa na Mjerumani mwingine mwenye jina la nadra. Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 pamoja na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton, na mwaka 1862 akapanda sehemu ya mlima akiwa na Otto Kersten. Taarifa zao zilionyesha kwamba Rebmann alisema kweli. Jina la Decken nalo limebaki Taita kwa namna yake. Aina moja ya hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa anayeonekana sana katika mbuga ya Tsavo na viunga vya Voi, hujulikana kwa wanasayansi kama Tockus deckeni.

Rebmann mwenyewe aliendelea kuishi Rabai. Alikusanya msamiati wa lugha ya Wanyika na, kwa msaada wa mtumwa aliyetoka pande za Nyasa, akaandaa kamusi ya lugha ya huko. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mwanamke Mwingereza. Mtoto wao wa kiume alifariki akiwa mchanga, na Emma akafariki mwaka 1866. Rebmann alipoteza uwezo wa kuona, na mwaka 1875 akasafirishwa kwao akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki Oktoba 4, 1876 mjini Korntal, karibu na alikozaliwa.

JINA BILA UKOO

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya jina la ukoo la Kijerumani na majina ya hapa kwetu. Jina la Kijerumani hurithiwa bila kubadilika, liwe bado lina maana au halina. Aitwaye Rebmann leo huenda hajawahi kushika mkasi wa kupogolea mzabibu, lakini analibeba jina la kazi ya babu wa mababu zake. Likikosa mrithi, tawi hilo la ukoo huishia hapo.

Kwa Wataita, ambao majina yao mengi huanza na Mwa-, kama Mwakio, Mwadime na Mwamburi, na kwa jamii nyingi za Kenya, ni utawala wa kikoloni na hati zake uliolifanya jina la baba au la babu kutumika kama jina la ukoo. Wengi hadi sasa hupata jina lao la mwisho kwa baba, si kwa mhenga wa karne nyingi zilizopita.

Kwa kuwa Rebmann hakuacha mtoto, jina lake halikuenea Afrika Mashariki kwa damu. Lilienea kwa ramani. Baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kilele cha Kibo Oktoba 1889, mito ya barafu ya Kilimanjaro ilipewa majina ya Wazungu: Decken, Kersten, Heim, Credner, Drygalski, Ratzel na Rebmann. Mto wa barafu wa Rebmann upo upande wa kusini wa Kibo.

Urithi huo nao unayeyuka. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Mwaka 2022 Unesco ilitahadharisha kwamba barafu ya mlima huo inatarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050. Wa Rebmann ni miongoni mwa mito iliyobaki vipande tu. Weupe uliomfanya adhihakiwe, na ambao baadaye ulipewa jina lake, huenda usiwepo vijana wa leo wa Voi na Taveta watakapokuwa wazee.

Lipo pia suala la majina ambayo hayakuandikwa kabisa. Rebmann alisifiwa kwa kuona theluji, lakini njia ilijulikana na Bwana Kheri, mizigo ilibebwa na wapagazi ambao wengi wao hawatajwi popote, na weupe wa Kibo ulikuwa ukitazamwa na Wachaga na Wataita vizazi kwa vizazi. Hakuna mto wa barafu uliopewa jina la Bwana Kheri. Kadiaro imekuwa Kasigau, na Ndara, iliyokuwa maarufu kiasi cha kuandikwa na mvumbuzi Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, mwaka ambao mmisionari J. A. Wray alianzisha kituo cha CMS mlimani humo, sasa katika ramani nyingi ni Sagalla.

Jina la mkulima wa mizabibu limehifadhiwa kwa sababu mwenyewe alikuwa na kalamu, na waliokuja baada yake walikuwa na ramani. Majina ya mahali na ya watu waliomwonyesha njia yamebaki zaidi vinywani mwa wazee wa Taita. Kama hayataandikwa mapema, yanaweza kutoweka hata kabla ya barafu ya Kibo.