Chuma Hakifi, Lakini Ufundi Hufa

Mgeni aendaye kisiwa cha Mfangano hupanda chombo katika gati ya Mbita, akavuka maji mapana ya Ziwa Viktoria, mpaka auone mlima wa kisiwa umesimama mbele yake. Kisiwa hicho kimo katika Kaunti ya Homa Bay, na wenyeji wake ni Wasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Katika miamba ya Kwitone na Mawanga mna michoro ya kale sana, myekundu na myeupe: duara ndani ya duara, na mistari ijizungushayo kama nyoka aliyejikunja. Yasemekana ilichorwa na wawindaji waliokaa huko kabla ya kufika kwa wakulima na wavuvi.

Sisemi kwamba wahunzi waliiga michoro hiyo. Lakini mtu akiitazama kwa makini, kisha akatazama kikuku cha zamani cha udodi, yaani uzi mwembamba wa chuma au shaba uliozungushwa mara nyingi, atatambua kwamba jicho la mwanadamu hupendezwa na jambo moja: mstari urudio mahali pake sawasawa, bila kukosea. Ndugu msomaji, habari ya leo ni ya mapambo hayo ya madini, jinsi yalivyofanywa, na kwa nini yafaa tuyaangalie kabla hayajatuponyoka.

CHUMA KILICHOVUKA ZIWA

Watu wa kandokando ya ziwa hili wamekijua chuma tangu zamani. Mwaka 1948 wataalamu walitoa taarifa juu ya vyungu vilivyofukuliwa Urewe, katika nchi ya Siaya. Na sasa yajulikana kwamba watu waliofinyanga vyungu vya namna hiyo walikuwa miongoni mwa wafua chuma wa kwanza wa Afrika Mashariki, yapata miaka 2,000 iliyopita. Baadaye sana vilima vya Samia vilipata sifa kwa mawe yake yenye chuma. Majembe ya Samia yaliuzwa mbali, yakasafiri kwa mitumbwi, na mara nyingi yalihesabiwa katika mahari. Na palipofuliwa jembe, palifuliwa na bangili. Vyote viwili vilitoka katika moto mmoja na mkono mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mawe yalipondwa, yakawekwa pamoja na makaa katika tanuri ya udongo, na mivukuto ya ngozi ikapuliza hewa kwa muda mrefu. Watu wengi hudhani kwamba chuma kiliyeyuka kikatiririka kama maji. Sivyo. Chuma chataka moto wa kupita digrii 1,500 ndipo kiyeyuke, na tanuri zile hazikufika huko. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye matundu matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha moto na kuligonga, akalipasha tena na kuligonga tena, mpaka takataka zikatoka na chuma safi kikabaki.

JINSI UDODI ULIVYOVUTWA

Kutoka katika chuma hicho mpaka kupata uzi mwembamba, ndipo palipotakiwa ustadi hasa. Mwaka 1910 Routledge na mkewe walichapa kitabu juu ya Wakikuyu, wakaeleza jinsi wahunzi wa huko walivyopata chuma katika mchanga mweusi wa mitoni, na jinsi walivyofanya udodi na mikufu myembamba ya ajabu. Wachaga nao walisifika kwa kazi hiyo.

Mhunzi alikifua chuma mpaka kiwe kama ufito. Ncha yake aliichonga, akaipitisha katika tundu la bamba la chuma, akaishika kwa koleo upande wa pili na kuivuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaipitisha katika tundu dogo zaidi, na jingine dogo kuliko hilo. Akivuta kwa pupa, uzi hukatika. Akivuta kwa kusitasita, huwa mnene hapa na mwembamba pale.

Shaba ina tabia yake. Kila ikigongwa au kuvutwa huwa ngumu, na mwisho hupasuka. Mhunzi asiyejua ataendelea kugonga mpaka aharibu kazi. Mhunzi stadi husimama kwa wakati, akairudisha motoni mpaka iwe nyekundu, nayo ikalainika kama mwanzo. Kujua wakati huo hakuandikwi. Husikiwa mkononi na katika mlio wa nyundo.

UZURI WAKE NI NINI?

Wako wasemao kwamba mapambo ya zamani yalikuwa mazito tu, hayana urembo. Hao hawajayashika mikononi. Uzuri wake haukutegemea nakshi nyingi. Ulikuwa katika mizunguko iliyolingana, katika ncha mbili zilizokutana bila kukwaruza ngozi, na katika mng'ao ambao hautoki kwa mhunzi peke yake, bali huzidi kila siku kwa kusuguana na mwili wa mvaaji. Bangili ya kiwanda hufanywa kwa kipimo cha watu wote, kwa hiyo si ya mtu yeyote. Bangili ya mhunzi ilipimwa juu ya mkono wa mwenyewe.

Tena mapambo hayo yalisema. Katika milima ya Kisii, jirani na nchi ya Wasuba, mwanamke aliyekamilishiwa sherehe ya ndoa alivaa miguuni pete za chuma ziitwazo ebitinge. Aliyemwona njiani hakuhitaji kumwuliza habari zake. Zile pete zilikwisha kumjulisha kwamba ni mke wa mtu, aliyeolewa kwa desturi zote. Kwa hiyo hazikuwa kitu cha kuvuliwa ovyo. Kufikia katikati ya karne ya 20, desturi hiyo ilikuwa imeanza kupungua.

MIZANI HAIJUI THAMANI

Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Majembe ya ng'ambo yakaja kwa bei rahisi, na tanuri za kuyeyushia mawe zikazimika moja baada ya moja. Hata hivyo wahunzi hawakukoma siku moja. Wengi waliendelea kufua chuma kilichotoka madukani. Wala madini ya kigeni hayakuwa jambo geni. Tangu karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta masango, yaani nyaya nene za shaba, nazo zikafanywa vikuku bara. Katika pwani yenyewe na Oman, masonara waliyeyusha reale za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wakafanya mapambo ya mabibi. Na leo, katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi, mafundi huyeyusha kufuli na mabomba mabovu ya shaba, wakatoa herini na pete zinazonunuliwa na wageni wa mbali.

Basi twaona kwamba madini hayafi. Reale huwa mkufu, na kufuli huwa herini. Jambo hilo lafurahisha, lakini ndilo hatari yenyewe. Pambo la udongo likivunjika, vigae vyake hubaki ardhini hata baada ya miaka 2,000, kama vile vya Urewe. Pambo la madini likitupwa motoni halibakizi hata kigae. Na mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo kijijini, hupima kikuku cha bibi yako pamoja na jembe lililovunjika. Mizani yake haijui mkono uliokivuta ule udodi, wala mguu uliouvaa; yajua kilo tu.

Vivyo hivyo na maneno. Wasuba wengi siku hizi husema Kijaluo, na lugha yao ya asili imehesabiwa katika lugha zilizo hatarini kupotea. Majina ya vyombo vya mhunzi na ya kila pambo yakisahauliwa, hata kitu chenyewe kikisalia kitakuwa bubu.

Wasuba wamekwisha kufungua jumba la makumbusho la jamii huko Mfangano, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini jumba moja halitoshi. Kijana mwenye bibi aliye hai, na amwulize: hiki kiliitwaje, kilivaliwa lini, nani alikifua? Na ayaandike majibu. Mwenye kikuku cha zamani asikiuze kwa kilo. Na fundi aliye na nyundo na fuawe, amwite mtoto mmoja akae karibu na moto, ajifunze kusikiliza mlio wa shaba.

Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji. Chuma chaweza kungoja. Ardhi ingali inacho tele. Mkono wa mzee ndio usioweza kungoja.