Kadi ya grafiki ya mtumba: Kabla uiongeze kasi, jua imetoka wapi

Usiku wa Jumatano, saa saba na dakika kadhaa, video ya harusi ya mteja wangu ilikuwa imefika asilimia 93. Halafu skrini ikawa nyeusi. Feni zikanguruma kama matatu inayopanda mlima, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na mimi nikabaki nimeitazama nembo ya Windows kama mtu aliyenyang'anywa simu mchana peupe.

Video ilifaa kumfikia bibi harusi Ijumaa. Alikuwa amelipa nusu, na hiyo nusu nilikuwa nimeshaizika kwenye kadi yenyewe.

Tangu niache chuo mwaka wa pili, riziki yangu ni kuhariri video: ruracio, harusi, mara moja moja wimbo wa msanii wa mtaa anayelipa kwa awamu. Natumia DaVinci Resolve ya bure, na hiyo programu huegemea sana kadi ya grafiki. Bila kadi, mashine yangu ilikuwa inachukua usiku mzima kutoa video ya dakika ishirini. Mathe akanionea huruma, akanikopea Sh8,000 kutoka kwa chama chake, nirudishe Sh2,000 kila mwezi. Nikaongezea Sh5,500 za bibi harusi, nikashuka tao hadi Luthuli, nikatoka na Radeon RX 580 ya GB 8. Mtumba. Muuzaji aliapa ilikuwa ya kijana mmoja wa gemu na haijawahi kufanya kazi ngumu.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Draiva ilikataa kabisa kuitambua kadi. Video moja ya mtandaoni ikanionyesha kijiprogramu cha kuilazimisha, nikailazimisha, ikakubali. Sikujiuliza kwa nini kadi nzima inahitaji kulazimishwa. Jioni hiyo rafiki yangu wa chuo, mwenye RX 580 pia, akanitumia namba zake kwa WhatsApp: kori megahezi 1450, memori 2250. "Buda, weka hizo, itapaa." Nikaweka. Nikacheza mpira dakika kumi bila shida, nikajiona injinia.

Siku mbili baadaye ndiyo ile Jumatano.

Asubuhi nikabeba mashine begani hadi kwa fundi mmoja wa mtaa wa nyuma, mzee wa maneno machache. Nilitarajia aniulize kasi niliyoweka. Hakuuliza.

"Hii kadi unaijua, kijana?"

"Ndiyo, mzee. Ni RX 580."

"Nani alikwambia?"

"Aliyeniuzia."

Akacheka kidogo, akafungua GPU-Z.

Kama una kadi mpya mkononi, hasa iliyotumika, anza na hiyo. Ni programu ndogo ya bure ya TechPowerUp, haibadilishi chochote, inasoma tu. Kitu cha kwanza alichoangalia ni idadi ya vitengo vya kukokotoa. RX 580 kamili ina 2304. Kuna nyingine iliyotolewa kwa soko la China mwaka wa 2018, jina ni lile lile, lakini ina 2048 kama RX 570. Ukiuziwa hiyo kwa bei ya ile kamili umepigwa, na stika haitakwambia. Kuna uhuni mbaya zaidi ambapo kadi ya zamani ya Nvidia huandikiwa bayosi ya uongo ijitaje kuwa mpya. Nyingi za aina hiyo GPU-Z huzitambua na kuzitangaza kuwa feki hapo hapo mbele ya jina.

Yangu ilisoma 2304. Nikapumua. Lakini fundi alikuwa ameshasonga chini, kwenye kasi ya kawaida, yaani ile iliyoandikwa ndani ya kadi yenyewe kabla mimi sijagusa kitu: kori 1150, memori 2100.

"Hii imechimba," akasema.

RX 580 ilipotoka Aprili 2017, AMD iliiwekea kori megahezi 1340 ikiwa kasini na memori 2000. Kwa kawaida kadi ya gemu haitoki kiwandani kori ikiwa imeshushwa na memori imepandishwa namna ile. Wachimbaji wa Ethereum ndio waliofanya hivyo, kwa sababu uchimbaji ule ulitegemea memori kuliko kori. Walishusha kori ili kuokoa stima, wakasukuma memori, wakayaandika hayo ndani ya bayosi ya kadi, wakaiacha ifanye kazi mchana na usiku. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa kwa kadi, na kadi chungu nzima zikawa hazina kazi. Zinauzwa mtumba mpaka leo. Sisemi ni mbaya. Nasema ukiletewa moja, jua kuna mtu ameshaipanga kwa faida yake, si yako. Mimi nilikuwa nimepakia namba za rafiki yangu juu ya namba za mchimbaji. Na ile draiva iliyokataa ilikuwa imeshaniambia: AMD hukagua sahihi ya bayosi, ikichezewa inagoma.

Bahati yangu, kadi hii ina kijiswichi pembeni, kidogo kama punje ya mchele, cha kuchagua kati ya bayosi mbili. Mchimbaji alichezea moja tu. Tulizima, tukachomoa waya, tukasukuma swichi upande wa pili, tukawasha. GPU-Z ikasoma 1340 na 2000. Tukafuta draiva yote kwa programu inayoitwa Display Driver Uninstaller, tukaweka mpya kutoka tovuti ya AMD, na safari hii haikuhitaji kulazimishwa na mtu. Kama yako haina swichi, TechPowerUp wana maktaba ya bayosi, lakini lazima ioane na modeli yako na aina ya memori iliyo ndani, na uhifadhi ile ya zamani kwanza. Ukikosea, kadi inaweza kufa. Hapo lipa fundi.

Akaifungua pia. Ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Akapaka nyingine kwa Sh300.

Sasa, namba za rafiki yangu zilikuwa na shida gani? Kwake hazina shida. Chipu za aina moja hazilingani. Wapenzi wa mambo haya huita bahati nasibu ya silikoni. Kiwanda huweka kasi ambayo hata chipu dhaifu itaimudu, na ziada inayobaki juu ya hapo hutofautiana kati ya kadi na kadi. Namba za mwenzako ni za kadi ya mwenzako. Isitoshe, ukitaka kasi zaidi mwishowe utaongeza voltaji, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa voltaji. Unapata kasi kidogo kwa joto jingi.

Ndiyo maana fundi alinishauri nishuke badala ya kupanda. Ukiwa na AMD, huna haja ya kutafuta programu nyingine, kwani mipangilio ya kasi, voltaji na feni imo ndani ya Adrenalin inayokuja na draiva. Ukiwa na Nvidia, chombo cha wengi ni MSI Afterburner, cha bure, na usidanganywe na jina: kinakubali kadi za kampuni nyingine pia. Ila kichukue kwa tovuti ya MSI au Guru3D pekee. Mwishoni mwa 2022 watafiti wa usalama waligundua tovuti bandia zilizofanana na ile ya MSI, zikiwapa watu Afterburner iliyofichwa programu ya kuchimba sarafu ya Monero na nyingine ya kuiba nywila. Unatafuta kasi, kumbe kadi yako inamchimbia mtu mwingine! Na usiendeshe Afterburner na Adrenalin pamoja kubadilisha kadi moja. Zitavutana, na wewe hutajua ni gani imeshinda.

Kori tuliiacha 1340. Voltaji ilikuwa milivolti 1150. Tukashusha 20, tukajaribu kwa Unigine Heaven nusu saa, tukashusha 20 tena. Ilipofika 1050 picha ikaanza kumetameta na programu ikafunga. Tukarudi 1090, hatua mbili juu ya pale ilipoyumba. Joto ambalo awali lilikuwa linagonga nyuzi 84 likatulia kwenye 71, kasi ile ile. Najua sehemu ya hilo ni ile dawa mpya, lakini feni zilizonyamaza chumbani siwezi kuzilalamikia.

Memori ndiyo ilinifunza zaidi. Nilimwomba tujaribu 2150, kiburi hakijaisha. Haikuzima. Ningekuwa peke yangu ningesema imekubali. Lakini fundi alikuwa amefungua HWiNFO, ambayo kwa kadi za kizazi hiki huonyesha makosa ya memori, na ile namba ilikuwa inakimbia kama mita ya teksi. GDDR5 ikigundua data imeharibika njiani huituma upya, hivyo huoni kuzima, unaona alama za jaribio zikishuka huku megahezi zikipanda. Tulirudi 2000. Makosa sufuri.

Jaribio la gemu dakika kumi halitoshi, kwa njia. Mzigo wa gemu hupanda na kushuka. Kutoa video huibana kadi mfululizo, na ndiyo sababu ya ile asilimia 93. Jaribu kwa kazi yenyewe utakayoifanya.

Na kama kompyuta yako ni zile za ofisi tunazoziita ex-UK, simama kwanza. Pawasaplai nyingi za humo ni wati mia mbili na ushei, na hazina ule waya wa pini nane ambao RX 580 inauhitaji kwa wati zake 185. Soketi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kwa mashine kama hizo tafuta kitu kama GTX 1650 ya pini sufuri, inayoishi na hizo 75, na mambo ya kuongeza kasi uyasahau.

Video ilitoka Alhamisi usiku, mara moja, bila kugoma. Bibi harusi aliipata Ijumaa saa tano asubuhi, akalalamika tu kwamba shangazi yake ameonekana mara nyingi kuliko yeye.

Kuna karatasi nimeibandika kwa gamba la kompyuta: 1340, 1090, 2000. Stima ikipotea ghafla, na huku kwetu hupotea, Adrenalin hudhani ni mipangilio iliyoangusha mashine na hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Wiki jana imefanya hivyo mara mbili. Mathe alipokuja kuchukua Sh2,000 za mwezi wa pili aliiona ile karatasi akaniuliza kama hizo ni namba za mtu anayenidai.